Salio la deni lililofika kwa dalali: namna ya kulihesabu upya na kulipinga ukiwa Tanga

Dalali akipiga simu hazungumzii mkopo, anataja salio. "Unadaiwa milioni moja laki moja na hamsini, lipa kesho kabla ya saa sita." Anaitamka tarakimu hiyo kana kwamba ameihesabu mwenyewe, kumbe aghalabu amepewa orodha yenye majina mengi na mbele ya kila jina kuna kiasi tu. Hajui faini ni ngapi ndani yake, wala kama rejesho la mwezi wa sita liliingizwa. Dawa ya deni ni kulipa, hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye kiasi.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekopa kweli, akachelewa kweli, mkopo ukatoka kwa afisa mikopo ukapelekwa kwa dalali, kampuni ya kukusanya madeni au wakili, na sasa salio analodaiwa halifanani na alilokuwa akilijua. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara. Mifano ni ya Tanga mjini, ila mtu wa Muheza, Pangani au Korogwe atafuata njia ile ile.

Siku ya simu ya kwanza

Usizime laini. Ukibadilisha namba, simu zinahamia kwa mdhamini wako, notisi zinabandikwa mlangoni bila wewe kuzisoma, na baadaye itasemwa ulitafutwa hukupatikana. Pokea, uliza jina lake, kampuni yake, anamdai nani kwa niaba ya nani, na namba ya mkataba. Andika tarehe na saa kwenye daftari. Kisha sema maneno machache:

"Kaka, sikatai kulipa. Nitumie barua ya mkopeshaji inayokupa kazi hii, na mchanganuo wa hilo salio. Nikivipata nakujibu kwa maandishi."

Jibu lake karibu kila mara ni hili: "Mama yangu, barua za nini tena? Tuma hata elfu hamsini leo tuone nia yako." Elfu hamsini hiyo usiitume, na sababu ni tatu. Kwanza, ikiingia kabla salio halijachambuliwa inaweza kumezwa na faini na ada, mtaji, yaani pesa yenyewe uliyokopa, ukabaki ulivyo. Pili, ukilipa bila kusema unalipia nini, unampa mkopeshaji nafasi ya kuchagua mwenyewe pa kuipeleka. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura 345, anayelipa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kutaja malipo yake ni ya nini. Asipotaja, mdai atapanga. Tatu ni kwa madeni ya zamani. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura 89, inampa mdai wa deni la mkataba miaka 6 kufungua shauri. Ukilipa sehemu, au ukiandika na kutia sahihi kwamba unakiri deni, miaka hiyo 6 inaanza kuhesabiwa upya. Deni la mwaka wa tano linaweza kurudi kuwa bichi kwa elfu hamsini ya "nia".

Jambo lingine la siku hiyo: hata utakapoamua kulipa, pesa iende kwenye akaunti au namba ya malipo ya mkopeshaji iliyoandikwa kwenye mkataba. Usitume kwenye namba binafsi ya mtu anayekupigia simu. Malipo yaliyoishia mfukoni mwa mkusanyaji ni kazi ngumu sana kuyathibitisha, na mkopeshaji atakwambia mtafutane wenyewe.

Karatasi kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari, na rejesho bila risiti vivyo hivyo. Tafuta mkataba wote, pamoja na ukurasa wa ratiba ya marejesho na ule wa masharti wenye maandishi madogo. Kama hukupewa nakala, iombe kwa barua. Hiyo peke yake ni hoja utakapofika kwenye malalamiko. Tafuta pia fomu ya kutolewa kwa mkopo, kwa sababu ndipo panapoonekana ulikatwa nini kabla pesa haijakufikia mkononi.

Halafu malipo. Kama ulilipa kwa simu, omba taarifa ya miamala ya kipindi chote cha mkopo kwenye duka la mtandao wako, iwe M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Usitegemee ujumbe mfupi peke yake. Simu huibwa na huanguka baharini. Risiti za mashine ya benki na za wakala huchapwa kwa karatasi ya joto. Kwa joto na unyevu wa Tanga, risiti ikikaa miezi michache kwenye pochi au dashibodi ya bajaji inabaki karatasi nyeupe. Zipige picha leo, toa fotokopi leo, na pembeni ya kila nakala andika kwa kalamu tarehe, kiasi na namba ya muamala.

Sasa andika kwenye daftari safu tatu: tarehe, kiasi ulicholipa, ushahidi ulionao. Weka pembeni yake taarifa ya mkopo kutoka kwa mkopeshaji, wengine huiita stetimenti, na ulinganishe kila malipo na mstari wake. Yanayokosekana mara nyingi ni yale yaliyolipwa na mtu mwingine kwa simu yake, yale yaliyokosewa namba ya kumbukumbu, na yale aliyokabidhiwa afisa mikopo mkononi. Mawili ya kwanza hayajapotea. Yamelala kwenye akaunti ya mkopeshaji ya malipo yasiyojulikana mwenyewe, yanasubiri mtu aje na namba ya muamala. La tatu ni zito, hasa kama afisa ameshahama. Hapo utahitaji kitabu cha kikundi, ujumbe wake wa kukiri kupokea, au shahidi aliyekuwepo.

Waliokopa kwa kikundi wana mtego wao. Wenzako wanapokuchangia rejesho, mkopeshaji ameshalipwa. Unayedaiwa naye sasa ni kikundi. Usikubali rejesho hilo hilo lidaiwe na dalali pia. Chukua kitabu cha kikundi, angalia wiki zile ulizokosekana, uone nani aliandikwa kulipa na kwa jina la nani.

Kupiga hesabu upya

Hapa ndipo pa kukaa na kutulia, na kikokotoo cha simu kinatosha. Tuchukue mama mwenye biashara ya khanga Ngamiani. Alikopa Sh. 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 3.5 kwa mwezi. Siku ya kupewa alikatwa ada ya faili Sh. 48,000, akapokea mkononi 1,152,000. Ratiba inasema rejesho ni 142,000 kila mwezi. Amelipa marejesho 7, akakwama, na mwezi wa tisa unapoisha anapata barua ya dalali: salio Sh. 1,150,000. Yaani baada ya kulipa karibu milioni moja, anadaiwa karibu kile kile alichopokea siku ya kwanza.

Anza na njia ya riba. Asilimia 3.5 ya 1,200,000 ni 42,000. Mtaji ukigawanywa kwa miezi 12 ni 100,000. Jumla 142,000, ndilo rejesho lake. Kwa hiyo riba yake ni ile isiyopungua: kila mwezi anatozwa 42,000 kana kwamba hajarudisha hata senti. Miezi 12 mara 42,000 ni 504,000, na mkopo wote unakuwa 1,704,000. Riba ingehesabiwa kwa mtaji uliobaki kila mwezi, yaani asilimia 3.5 ya 1,200,000, kisha ya 1,100,000, hivyo hivyo hadi 100,000, jumla ya riba ingekuwa 273,000. Tofauti ni 231,000. Kwa njia isiyopungua, mwezi wa mwisho anatozwa 42,000 kwa laki moja tu iliyobaki.

Fungua mkataba uone uliandikwa njia ipi. Kama mkataba unasema riba inapungua kadiri mtaji unavyopungua, na ratiba imetengenezwa kwa njia nyingine, hoja yako ya kwanza umeshaipata. Kama mkataba hauitaji njia kabisa, uliza kwa maandishi. Asilimia 3.5 kwa mwezi ndiyo ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wa Daraja la Pili, yaani makampuni na watu binafsi wenye leseni ya kukopesha wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Ukikuta asilimia 10, 20 au 30 kwa mwezi, ile watu wanayoiita kausha damu, usibishane na dalali. Hilo ni la kupeleka Benki Kuu moja kwa moja.

Tuendelee na salio. Tukikubali ratiba yao kama ilivyo, 1,704,000 kutoa marejesho 7, yaani 994,000, inabaki 710,000. Barua inasema 1,150,000. Kuna 440,000 ya kutafutiwa asili yake. Mchanganuo ulipokuja ulionyesha hivi: rejesho la mwezi wa sita, 142,000, halikuingizwa, faini ya kuchelewa 5,000 kwa siku kwa siku 30, ni 150,000, ada ya dalali 100,000, ada ya faili 48,000. Jumlisha: 440,000 kamili. Ukiona namba zinakutana hivi, ujue umeshika mzizi. Zisipokutana, hata kwa shilingi elfu tano, bado kuna kitu hakijatajwa, na usiandike barua yako kabla hujakijua au hujakiulizia.

Kila kipande kina jibu lake. Rejesho la mwezi wa sita lina namba ya muamala. Linatoka bila mjadala. Ada ya faili ilishakatwa siku ya kwanza, inatoka.

Faini inataka maneno zaidi. Kwanza iwemo kwenye mkataba, isipokuwemo haipo. Ikiwemo, bado haimaanishi mahakama itaitoa yote. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinasema kiasi kilichotajwa kama adhabu ya kuvunja mkataba ni kikomo tu. Anachostahili mdai ni fidia inayoridhisha isiyozidi kiasi hicho. Faini ya 150,000 kwa kuchelewesha rejesho la 142,000 kwa mwezi mmoja ni vigumu kuiita fidia. Iseme hivyo hivyo kwenye barua, bila kutukana.

Ada ya dalali ndiyo inayozoeleka kuongezwa kienyeji. Mikataba mingi ina sentensi kwamba gharama za ufuatiliaji atazibeba mkopaji, bila kutaja kiasi. Hapo dai kuona gharama iliyotumika kweli: ankara ya dalali, risiti, tarehe aliyofika. Makubaliano ya kamisheni kati ya mkopeshaji na dalali wake ni yao wawili.

Kuna kitu cha mwisho ambacho wengi hukiruka. Ndani ya ile 710,000 kuna miezi ambayo haijafika. Mwezi wa 8 na wa 9 vimeshapita, ni malimbikizo ya 284,000. Miezi ya 10, 11 na 12 bado, na ndani yake kuna riba ya 126,000 kwa muda ambao pesa haijakaa kwa mkopaji. Mkopeshaji akitaka mkopo wote ulipwe leo, mwambie aondoe riba hiyo. Mtaji uliobaki ni 500,000, riba ya miezi miwili iliyopita ni 84,000, jumla 584,000. Kama mkataba unamruhusu kuidai riba yote, hii inakuwa ni bei ya kujadiliana. Kama haumruhusu, ni haki yako. Kutoka 1,150,000 hadi 584,000 ni karibu nusu, na hapo hakuna aliyesamehewa chochote.

Barua ya kupinga

Iandike kwa mkopeshaji, nakala kwa dalali. Dalali hana mamlaka ya kurekebisha daftari la mkopeshaji. Ukimwandikia yeye peke yake, barua inaweza kuishia kwenye droo yake. Iwe ukurasa mmoja, yenye namba za aya, isiyo na historia ya maisha. Ugonjwa wa mtoto na msimu mbaya wa biashara ni vya kikao cha kuomba muda, siyo vya barua ya kupinga hesabu.

Meneja wa Tawi,
(jina la mkopeshaji), Tanga.

YAH: KUPINGA SALIO LA MKOPO NAMBA ........

1. Nimepokea barua ya tarehe ........ inayodai Sh. 1,150,000. Bila kuathiri haki zangu, salio hilo nalipinga kwa sababu zifuatazo.
2. Rejesho la Sh. 142,000 nililolipa tarehe ........ kwa M-Pesa, muamala namba ........, halimo kwenye taarifa yenu. Nakala nimeambatisha.
3. Ada ya faili Sh. 48,000 ilikatwa siku ya kutolewa mkopo, kama fomu inavyoonyesha. Imedaiwa mara ya pili.
4. Kuhusu faini Sh. 150,000 na ada ya dalali Sh. 100,000, naomba mnionyeshe kifungu cha mkataba, hesabu yake, na risiti za gharama.
5. Hadi leo, marejesho ambayo sina ubishi nayo ni ya mwezi wa 8 na wa 9, jumla Sh. 284,000.
6. Naomba ndani ya siku 14 nipatiwe taarifa kamili ya mkopo tangu siku ya kwanza, mchanganuo wa salio, na barua ya kumteua dalali. Ufuatiliaji usimame mpaka nijibiwe.

(sahihi, jina, namba ya simu, tarehe)

Aya ya 5 ina makali pande mbili. Kwa deni la karibuni inakupa nguvu, kwa sababu inaonyesha hukwepi, na hakimu au afisa wa Benki Kuu akiisoma atakuona mtu wa hesabu. Kwa deni lililokaribia au kupita miaka 6, ifute kabisa. Hiyo ndiyo ile sahihi ya kukiri deni tuliyoitaja mwanzo. Hata kwenye aya ya kwanza, angalia neno: "inayodai", siyo "ninayodaiwa".

Toa nakala tatu. Peleka mwenyewe tawini, na nakala yako igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe na sahihi ya aliyepokea. Mlinzi akikwambia "acha tu hapa dada, nitawapa", msubiri karani wa mapokezi. Wakikataa kugonga, tuma kwa EMS kutoka Posta na utunze stakabadhi. Fanya hivyo pia kama mkopeshaji hana ofisi Tanga na makao yake ni Dar es Salaam. Mpe nakala mdhamini wako. Yeye anabeba deni sawa na wewe, na anaweza kutumia hoja zako zote, lakini akiogopa akalipa 1,150,000 kimya kimya, wewe utakuwa unadaiwa na ndugu yako kiasi ambacho hukuwahi kukidaiwa kihalali.

Wasipojibu, au wakijibu ovyo

Mlango wa kwenda unategemea nani alikukopesha. Benki na wakopeshaji wa Daraja la Kwanza, yaani wanaopokea amana, na la Pili wako chini ya Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina dawati la kushughulikia malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Sharti ni kuanza kwa mkopeshaji mwenyewe. Ndiyo maana ule muhuri wa mapokezi tumeupigia kelele. Tanga hakuna tawi la Benki Kuu. Ofisi zilizopo ni kama Arusha, Dar es Salaam na Dodoma, lakini si lazima upande basi, malalamiko yanaweza kutumwa kwa maandishi. Ambatisha mkataba, taarifa ya mkopo, jedwali lako la malipo, barua yako yenye muhuri, na jibu lao kama lipo. Mwishoni sema unachotaka kwa tarakimu: "naomba salio lirekebishwe kuwa Sh. 584,000" kunaeleweka, "naomba nisaidiwe" kutakurudishia maswali.

SACCOS ni Daraja la Tatu, na njia yake ni Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa, baada ya kupitia bodi ya chama chako. Kikoba ni Daraja la Nne na husajiliwa na halmashauri. Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Mikopo ya programu za simu ni uwanja mwingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Kabla hujabishana salio na programu yoyote, angalia orodha ya wenye leseni kwenye tovuti ya Benki Kuu. Kama wametuma jina na picha yako kwa mama mkwe na kwa watu wote waliomo kwenye simu yako, piga picha za skrini, waombe waliopokea wasifute, na upeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika hapo. Lakini usijidanganye kwamba mkopeshaji hana leseni basi deni limefutika. Kukopesha bila leseni ni kosa lake. Pesa uliyopokea bado inaweza kutazamwa na mahakama.

Na kama mkopeshaji anashikilia kadi yako ya benki na namba ya siri, usimsubiri. Nenda benki yako, ifunge kadi hiyo, chukua mpya. Deni linabaki, ila mshahara hauchotwi tena bila wewe kujua.

Wakija mlangoni

Deni la mkataba ni shauri la madai. Kutishiwa polisi kwa sababu tu umechelewesha marejesho ni kutishiwa tu, ingawa mtu aliyetumia nyaraka za kughushi kupata mkopo hapa hatumsemei. Anayekuja kubeba friji na televisheni aonyeshe kitu kimoja kati ya viwili: amri ya mahakama yenye muhuri, namba ya shauri na jina lako, au mkataba wa dhamana unaokitaja kitu hicho kwa jina. Mwite mwenyekiti wa mtaa awepo, piga picha za nyaraka, na kama vinachukuliwa, viorodheshwe na kusainiwa. Hata dalali wa mahakama mwenye amri halali ana mipaka: Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura 33, inazuia kukamatwa kwa nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na zana za fundi anazofanyia kazi. Cherehani ya fundi nguo na godoro la watoto havipandi kwenye kirikuu.

Nyumba au kiwanja kilichowekwa rehani ni habari nzito zaidi. Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji kutoa notisi ya siku 60 inayoeleza umekiuka nini, kwa kiasi gani, na ufanye nini kurekebisha. Notisi yenye salio lisilo sahihi ni hoja. Ijibu kwa barua ile ile ndani ya siku hizo, usisubiri ya 59. Baada yake, mnada wa ardhi unahitaji tangazo la siku 14 kwa umma. Nyumba ya familia ilihitaji ridhaa ya mwenza ilipowekwa rehani, kwa hiyo angalia kama saini ya mke au mume ipo na ni yake kweli. Na ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kumtilia shaka muuzaji. Hapa tafuta wakili, mapema. Asiye na uwezo aanze kwa wasaidizi wa kisheria wa wilaya. Hawasimami mahakamani kwa niaba yako, lakini watakuandalia nyaraka na kukuelekeza kwa mtoa msaada mwenye wakili.

Ukipata wito wa mahakama, nenda. Ukikaa nyumbani, mdai atasikilizwa peke yake na salio lake bovu litakuwa hukumu. Mahakama ya Mwanzo utaeleza kwa mdomo na kutoa karatasi zako. Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, unatakiwa kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu kupokea wito. Ujumbe wa simu na miamala vinakubalika kama ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu. Peleka vilivyochapwa na simu yenyewe pia.

Kwa deni la marehemu, familia isilipe kwa aibu ya msibani. Uliza kwanza kama mkopo ulikuwa na bima, kwa sababu mingi inayo na ada yake ilishakatwa mwanzo. Kisichofunikwa na bima hudaiwa kwenye mirathi kupitia msimamizi, siyo mifukoni mwa watoto.

Kukubaliana na kufunga

Madai mengi ya aina hii huishia mezani. Ukifika na jedwali lako, meneja wa tawi anaweza kurekebisha rejesho lililopotea siku hiyo hiyo, faini ikaenda kuombewa kibali makao makuu. Una njia mbili za kupendekeza: kulipa malimbikizo ya 284,000 ili mkopo urudi kwenye ratiba, au kulipa 584,000 mara moja kumaliza deni. Chagua unayoiweza kweli. Ukivunja ahadi ya pili, hoja zako zote za mwanzo zinapoteza uzito.

Kama wanakubali kiasi pungufu, usilipe kwa neno la mdomo. Sheria ya Mikataba inatambua kwamba mdai akipokea kiasi pungufu kwa makubaliano kuwa ndicho cha kumaliza deni lote, deni limekwisha. Kinachotakiwa ni ushahidi wa makubaliano hayo. Pata barua yao kabla ya kulipa, yenye maneno "malipo ya kumaliza deni lote la mkopo namba fulani", kiasi, na tarehe ya mwisho. Kisha lipa kwenye akaunti yao, na sehemu ya maelezo uandike maneno hayo hayo.

Ukishalipa, dai barua ya kutodaiwa na dhamana zako. Hati ya nyumba ikirudi mkononi, rehani bado imeandikwa kwa Msajili wa Hati mpaka mkopeshaji asaini fomu ya kuiondoa. Asipofanya, utaligundua siku unapotaka kuuza. Pikipiki au bajaji ambayo kadi yake iliandikwa jina la mkopeshaji inahitaji kuhamishwa umiliki TRA. Baada ya miezi miwili hivi, omba ripoti yako kwenye taasisi ya taarifa za mikopo, kama Creditinfo au Dun & Bradstreet. Ikiwa bado inaonyesha 1,150,000, wapelekee barua ya kutodaiwa pamoja na ombi la kusahihisha, na nakala umpe mkopeshaji, maana yeye ndiye aliyeituma tarakimu hiyo na ndiye anayepaswa kuibadilisha.